Ramani Zinazotoka Jasho

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kabisa! Mwalimu mkuu ametangaza kwamba tutajengewa jengo jipya: madarasa matatu na stoo moja ya vifaa. Wenzangu wakayapigia makofi madarasa. Mimi nikaipigia stoo.

Sababu iko sebuleni kwangu. Mama mkwe alinipa meza ya marehemu baba mkwe, meza ya mbao ngumu, droo kulia, droo kushoto, wanaume wanne hawaiinui bila kugombana. Alinipa kwa kuwa niliwahi kumwambia nina ofisi. Sina. Nina kiti kwenye kona ya chumba cha walimu, ubavuni mwa birika, na kila anayejimiminia chai hunimwagia kidogo. Meza imekaa sebuleni na watoto wanafanyia kazi za shule chini yake. Mke wangu amesema mama yake akiikuta pale, nitajieleza mwenyewe, yeye hayumo.

Mchana nikampigia mama mkwe kumpa habari ya jengo. Kosa! Ameapa atakuja siku ya ufunguzi kuiona ofisi yangu mpya.

Nikamuuliza mwalimu mkuu, kwa unyenyekevu, kama mwalimu wa jiografia na mtunza vifaa amefikiriwa ofisi. Alicheka mpaka akavua miwani. Sawa. Nimejiandikisha kwenye kamati ya ujenzi.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha kwanza. Tuko wanne: mwalimu mkuu, mimi, fundi cherehani anayewakilisha wazazi, na mwalimu wa darasa la kwanza. Huyu tunamwita Kengele, kwa sababu akikohoa tu watoto hupanga mstari. Hanipendi. Anasema nina akili nyingi za bure.

Msanifu wa majengo ni binti mpole mwenye penseli sikioni. Alituuliza kila mmoja anataka nini. Mwalimu mkuu anataka mlingoti wa bendera uonekane kutoka barabarani. Kengele anataka ubao wa darasa usiong'aa, maana watoto wa upande wa dirisha hawaoni kitu. Fundi cherehani alikuwa na la kusema lakini hakupewa nafasi.

Mimi nikasema jamani, tusiisahau stoo. Wakacheka. Nikajitolea kuandaa mahitaji yake mwenyewe, nisiwachoshe wenzangu. Hakuna aliyepinga. Nimewapiga chenga mchana kweupe!

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipima meza. Mke wangu akauliza napimia nini. Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Akasema mambo ya kitaalamu yasogezwe, anataka kufagia.

Nikaenda kwa msanifu. Nikamwambia mlango wa stoo uwe mpana. Akauliza kwa nini. Nikasema ramani. Akasema ramani hukunjwa. Nikasema nyingine hazikunjiki. Kisha nikamwambia pasiwe na ngazi mlangoni, uwekwe mteremko laini, maana nani ataibeba ile meza kupanda ngazi? Hilo la meza sikulisema. Nafasi ndani nikaomba ya kutosha, mtu aweze kugeuka. Nilijiona nikitembea huku na huku, mikono mgongoni, nikiwaza.

Aliandika yote. Kisha akaniangalia kwa heshima, akasema walimu wengi hawafikiriagi mambo ya mlango. Nikaona haya kidogo. Zikapita.

Ijumaa, 7 Machi

Kengele ameanza! Amesema stoo ikae nyuma ya vyoo, kwa kuwa vifaa havina pua. Kamati ikacheka. Nilihisi meza ikinishukia kifuani.

Nikasimama. Nikasema ramani zikikaa sehemu isiyo na hewa huharibika. Zinahitaji dirisha upande huu na dirisha upande ule, upepo upite katikati. Kengele akauliza kwani ramani zinapumua? Nikasema, sijui ilitoka wapi, kwamba ramani hutoka jasho.

Kikafuata kicheko. Hata mwalimu mkuu aliyeanza kusinzia alicheka.

Lakini msanifu akanitetea! Akasema karatasi na unyevu haviendani, na chumba kikiwa mwisho wa jengo, madirisha yakiangalia kaskazini na kusini, jua la mchana halitaingia na hewa itapita. Stoo imepata kona bora kuliko zote. Acha wacheke. Jioni mtu alikuwa ameshabandika karatasi juu ya birika: Tafadhali usizipe ramani chai ya moto, zinatoka jasho. Mwandiko wa Kengele, naujua.

Jumatatu, 10 Machi

Bado mambo mawili. La kwanza, kelele. Mvua ikipiga bati hapa shuleni huwezi kusikia hata mawazo yako, na mimi baada ya chakula hupenda kuwaza nimefumba macho. Nikaomba dari. Kengele akasema vifaa havisikii mvua. Nikamwambia tufe la dunia lina waya ndani na mtikisiko si mzuri kwake. Sasa hata mimi naanza kuyaamini haya maneno.

La pili, dirisha. Nataka nimwone mwalimu mkuu akija, niwahi kuamka. Msanifu akasema madirisha ya stoo huwekwa juu, kuzuia wezi. Nikasema weka nondo, lakini ukuta wa chini uwe mfupi, aliyekaa aone nje. Akauliza nani atakaa stoo. Nikasema mtunza vifaa huinama sana, lazima apumzike. Akaniambia basi nikae anipime kimo cha macho.

Mimi si mtu mrefu. Najua. Familia yangu inajua. Sasa kamati nzima inajua, kwa sababu Kengele alikuwepo, na akatangaza kwamba mwalimu wa jiografia akikaa, macho yake yako sawasawa na ya watoto wake wa darasa la kwanza. Fundi cherehani aliangalia pembeni kwa adabu. Msanifu hakucheka. Aliandika.

Jumatano, 12 Machi

Kesho michoro inapitishwa. Nimeshamwonyesha mke wangu kwa kidole hewani mahali meza itakapokaa. Akauliza kwenye mchoro pameandikwa nini. Nikasema pameandikwa stoo, ila baada ya ufunguzi nitabadilisha kibao cha mlangoni tu. Akarudi kukuna nazi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwisha.

Msanifu alitandaza michoro mezani, akasema kuna jambo lilimnyima usingizi. Binti wa fundi cherehani anaingia darasa la kwanza mwakani, na anatumia kiti cha magurudumu. Ndilo jambo ambalo baba yake alitaka kulisema kikao cha kwanza, akaishia kumweleza msanifu pembeni. Shule mbili zilishamkataa mtoto huyu, kisa ngazi. Msanifu akasema alikuwa akihangaika amweke wapi, mpaka alipoyasoma upya mahitaji ya stoo. Mlango mpana. Mteremko. Nafasi ya kugeuka. Hewa, utulivu, na dirisha lililopimwa kwa macho ya mtoto! Ndipo akatambua kwamba mwalimu wa jiografia alikuwa akimfikiria mtoto huyu tangu mwanzo, ila kwa unyenyekevu wake akajificha nyuma ya ramani.

Nilifungua mdomo. Hawakuningoja.

Wakapiga makofi. Darasa la kwanza linahamia kwenye chumba changu, ukuta mmoja utasogezwa, na stoo inakwenda nyuma ya vyoo. Bila dirisha. Kengele alinikazia macho muda wote. Anajua. Mwanamke yule anajua kila kitu! Lakini darasa zuri amepata yeye, kwa hiyo amefunga mdomo na kupiga makofi kuliko wote.

Fundi cherehani alinishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuniachia. Kwa dakika ile nilifurahi kweli, nilitamani niwe kweli vile alivyonidhania. Kisha nikaikumbuka meza.

Jumamosi, 15 Novemba

Sikuandika muda mrefu. Sikuwa na la kujisifia.

Leo ufunguzi. Mama mkwe amekuja amependeza, mkoba mkononi, swali mdomoni: ofisi iko wapi? Mpango wangu ulikuwa safi. Mwalimu mkuu akianza hotuba yake, ambayo haiishagi, nimwingize mama mkwe ofisini kwake, aone kiti, aone pazia, tutoke. Picha ya mwalimu mkuu ukutani ningesema ni ya mfadhili.

Tulikuwa tumefika mlangoni, nimeshika kitasa, fundi cherehani akatukimbilia. Akamwambia mama mkwe, bila kuulizwa, kila kitu: huyu mkwe wako ndiye aliyemfungulia mwanangu shule. Akatuvuta hadi darasani. Binti alipanda mteremko peke yake, akaingia, akageuza kiti mpaka dirishani, akaanza kumpungia mama yake aliye nje. Mama mkwe alitoa leso.

Akaniuliza, taratibu, ina maana ofisi yako ndiyo hii uliyowapa watoto? Sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa tu. Kichwa hakisemi uongo.

Mke wangu alikohoa.

Mama mkwe akaniita baba, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nioe. Akasema marehemu angejivunia. Akasema kabati la marehemu, lile wanawe wanaligombea, amelitoa leo hii kwa mtu anayestahili. Linakuja Jumanne. Nimeliona kabati hilo, linagusa dari. Meza ni mtoto wake.

Jumatatu, 17 Novemba

Kumbe kuna awamu ya pili! Maktaba! Nimeingia kwenye kamati tena, kwa kura zote, Kengele peke yake akikataa kunyoosha mkono.

Safari hii nimekuwa mjanja. Sijataja ramani. Nimemfuata msanifu pembeni, nikamwambia kando ya maktaba kiwekwe chumba kidogo cha vitabu vilivyochanika, kitu cha kawaida tu, ila mlango uwe mpana, na uwe mrefu, mrefu kuliko milango mingine yote.

Penseli ikamsimama mkononi. Akaniangalia kwa heshima ileile, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtoto mrefu sana anayekuja.

Nikasema yupo.