Ombi la Kifurushi cha Kutosema

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya simu iliyomfungia bibi yangu laini.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na mtandao wako unasoma. Naandika kwa kalamu na karatasi kwa sababu mimi ni mtu wa haya. Nimesomeshwa kwa lugha mbili na ninaona haya katika zote mbili. Niliwahi kujaribu kuwapigia. Nilibonyeza moja nihudumiwe kwa Kiswahili, nikaambiwa wahudumu wote wana shughuli. Nikabonyeza mbili nihudumiwe kwa Kiingereza, wakawa na shughuli vilevile ila kwa adabu zaidi. Hatimaye mhudumu mmoja alipokea, akauliza anisaidie nini, nikakata simu. Kama mhudumu huyo bado yupo hapo kazini, naomba aniwie radhi. Alikuwa ameuliza vizuri tu.

Nina miaka kumi na sita na nimo kidato cha tatu. Bibi yangu ni fundi cherehani wa sare za shule. Anakaa ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu, na cherehani yake iko barazani ili apate mwanga. Kwa miaka tisa alikuwa na simu moja ndogo ya kitochi na laini yenu moja. Wiki tatu zilizopita mlimfungia laini hiyo, namba yake mkampa mtu mwingine. Ninachoomba ni namba irudi. Bila namba ile mimi na bibi hatuna njia ya kuwasiliana, na mama amesema isipopatikana kabla ya mwezi kuisha, atamnunulia bibi laini ya kampuni nyingine, yenye dakika, ili tuwe tunaongea kama watu. Unaona mwenyewe jambo lilivyo zito.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlisema laini ilikuwa haitumiki. Hili niliambiwa ofisini kwenu, siku mama aliponisukuma kwa mkono niende. Nilichukua karatasi ya foleni, namba yangu ilipoitwa nikajifanya siyo yangu, nikachukua nyingine. Mara ya tatu mlinzi wa mlangoni alinishika bega akanipeleka dirishani mwenyewe. Karani wenu akachungulia kompyuta, akasema, "Mdogo wangu, huyu mteja ana siku mia moja na ishirini hajafanya chochote. Laini imelala."

Nilimpelekea bibi jibu hilo kama lilivyo. Alisimamisha mguu kwenye pedali, akanitazama juu ya miwani. "Imelala? Yaani mimi ndiye nimelala? Basi kawaulize hizi sare kumi na nne zimeshonwa na nani. Zimeshonwa na panya?"

Ndugu Mkuu, laini ile ilitumika kila siku. Mimi na bibi tunabipiana. Asubuhi nambipu mlio mmoja, maana yake nimeamka salama, naye hurudisha mmoja, maana yake naye pia. Nikitoka shule napiga miwili: nimefika nyumbani. Yeye akipiga mitatu ujue ananiita nikamtungie uzi kwenye sindano, kwa sababu macho yake hayalioni tundu tena. Mlio ukikatwa kabla haujatimia, bibi amekasirika, na mara nyingi ni kwa sababu Jumamosi sikwenda. Kuna hata namna anavyobipu mara mbili haraka haraka ambayo maana yake ni kwamba mteja fulani amekuja, ni mzungumzaji, na mimi nimbipu ili apate sababu ya kusema "samahani, naitwa". Hii ni lugha kamili. Ina salamu, ina hasira, ina hata uongo. Tumeizungumza miaka tisa juu ya minara yenu, kisha kompyuta yenu ikasema haijasikia kitu.

Nilijaribu kumweleza karani. Akasema kubipu siyo matumizi. Nikataka kumuuliza: kama siyo matumizi, simu ilikuwa inalia kwa nguvu za nani? Sikumuuliza. Nimemuuliza leo, kwako.

2. Mimi mwenyewe, kwa kuwa ndiye ninayesoma masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, nilipewa na familia kazi ya kutafuta simu na mtandao wa bei nafuu kwa mtu asiyetumia simu sana. Nilichora jedwali nyuma ya daftari la Kemia. Nikaweka kampuni tatu, yenu ikiwa ya kwanza. Nimegundua kwamba ninyi nyote mnaposema "nafuu" mnamaanisha mtu aongee sana, upesi, kabla saa sita ya usiku haijafika. Kifurushi chenu kidogo kuliko vyote kina dakika mia moja za siku moja. Bibi hana maneno ya dakika mia moja kwa siku, labda siku anayogombana na mwuza vifungo. Nyanya za sokoni zinakaa siku nne. Dakika zenu zinaoza kabla ya nyanya, na zimefungwa ndani ya simu ambako hata inzi hafiki.

Nilikwenda pia kwa mwuza simu wa pale kona, mwenye kioo kilichopasuka kikafungwa kwa gundi ya karatasi. Akaniuliza, "Huyo bibi anakula GB ngapi kwa siku?" Nikasema hali. Akanitazama kwa huruma kana kwamba nimemwambia bibi yuko wodini. Akanitolea simu yenye kamera nne. Nikamwonyesha kwa kidole kitochi kilichoning'inia nyuma yake. "Hicho ni cha kumulikia choo, dada," akasema, "mpende bibi yako." Nilitoka bila kununua kitu, na nilimwambia asante mara tatu.

3. Mtu mliyempa namba ya bibi ni dalali wa vyumba. Ndugu Mkuu, katika watu wote. Dalali ni mtu anayeishi kwa kupokea simu. Asubuhi ya kwanza, kabla sijajua chochote, nilibipu mlio mmoja kama kawaida, na kabla mlio haujafika katikati ikapokelewa. "Karibu mteja, chumba bado kipo." Kwa miaka tisa namba ile haikuwahi kupokewa nikibipu. Nikabaki napumua. "Usiogope mteja wangu, bei inaongeleka," akasema. Nikakata. Akapiga mara nne.

Sikuacha kubipu. Nakiri. Nilitumaini kila asubuhi kwamba mmeirudisha. Kila asubuhi anapokea, kila asubuhi napumua, na kila asubuhi anaogopa kunipoteza. Katika wiki moja alishusha kodi mara tatu. Siku ya nane akasema choo kitakuwa cha ndani. Sijawahi kufanikiwa kiasi hicho katika mazungumzo yoyote, lakini sihitaji chumba.

4. Hili ndilo kubwa. Bibi haandiki jina la duka kwenye nguo zake, kwa sababu hana duka. Anashona namba ya simu kwa uzi mwekundu, ndani ya kola, kwenye kila shati na kila sweta. Mtoto akiangusha sweta uwanjani, aliyeliokota anapiga, bibi anamwambia liachwe kwa mlinzi wa shule, basi. Ni simu hizo ndizo pekee alizokuwa akipokea, na kwa zile siku mia moja na ishirini za karani wenu, kwa bahati mbaya sana kwetu, watoto walikuwa waangalifu.

Sasa wanaookota sweta wanampata dalali. Mwalimu mmoja wa zamu aliokota sweta bombani, akapiga, akaelezwa sakafu ni ya vigae na maji hayakatiki. Akauliza sweta alipeleke wapi. Akaambiwa alete na kodi ya miezi mitatu. Wiki iliyopita mama mmoja alimjia bibi pale barazani amefura. "Fundi, kumbe siku hizi umehamia kwenye nyumba?" Bibi akasema, "Nyumba zipi mwanangu? Mimi hata hiki kigoda nakalia nimeazimwa." Walicheka wote wawili, lakini yule mama sare za muhula ujao amepeleka kwa fundi mwingine, na baada yake wawili zaidi.

Kola zenye namba ile, kwa hesabu ya bibi, hazipungui elfu tatu. Moja iko shingoni kwangu ninapoandika.

5. Siku mbili kabla ya kumfungia laini mlimtumia ujumbe: Mpendwa mteja, hongera kwa kuendelea kuwa nasi.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima mchague moja kati ya haya.

Mrudishe namba. Au, kama haiwezekani, mtume wafanyakazi wenu wenye macho mazuri, kila mmoja na mkasi wake mdogo, wapite madarasani wafumue kola elfu tatu na kushona namba mpya kwa uzi mwekundu. Bibi atakagua. Nawaonya mapema kwamba bibi hufumulisha kazi nzima kwa mshono mmoja uliopinda, uwe umeshonwa na meneja au nani.

Vyovyote mtakavyochagua, naomba muanzishe Kifurushi cha Kutosema. Kiwe na dakika sifuri, ujumbe sifuri na GB sifuri, na kisiishe muda wake, kwa kuwa ndani hakuna cha kuoza. Mteja alipie haki ya simu kulia tu. Nimefikiri sana na sioni hasara yenu. Mtu anayebipu hajazi mnara. Foleni mnayoilaumu mnara unapozidiwa siyo foleni ya bibi. Wateja wenu wote wangekuwa kama yeye, mtandao usingekatika hata mara moja, wahudumu wasingekuwa na shughuli, na ofisi yako, Ndugu Mkuu, ingekuwa na utulivu kama maktaba. Inawezekana hata isingehitajika. Kwa huduma hiyo ya miaka tisa ya kutowachosha, naona siyo vibaya bibi akipewa cheti.

Mama anasema mimi na bibi tumekuwa kama taa za barabarani, tunawaka na kuzima halafu kila mtu anapita. Mama ni karani wa mapokezi, anaongea tangu asubuhi mpaka jioni, hawezi kuelewa. Bibi na mimi tunaelewana bila kusema. Ndiyo maana naomba msituharibie.

Nisalimie wahudumu wote wenye shughuli, karani wa dirishani, mlinzi aliyenishika bega, na yule mwanamke aliyerekodiwa anayesema simu yangu ni muhimu kwenu. Ana sauti nzuri, na ni mmoja wa watu wachache ninaoweza kuwasikiliza mpaka mwisho.

Ni mimi, mteja wenu pia, kwenye laini yangu mwenyewe,
Mjukuu wa Fundi.

Tanbihi: Barua hii imekaa kwenye mkoba wangu siku sita kwa sababu naona haya hata kwa mtu wa posta. Katika siku hizo mama alichoka kungoja, akamnunulia bibi ile laini ya dakika. Jumanne saa kumi simu yangu ikalia. Nikangoja ikatwe. Haikukatwa. Nikapokea.

Bibi aliongea dakika thelathini na nane. Aliongea kuhusu mapacha waliokuja kupimwa, mmoja bega limeshuka, na jinsi alivyowashonea ili mama yao asigundue. Aliongea kuhusu babu, ambaye sikumkuta. Mwishoni nilipata sauti, nikamuuliza kwa nini miaka yote alikuwa anabipu tu, kama alikuwa na maneno mengi hivyo.

Akasema, "Si wewe, mjukuu wangu? Ulikuwa na miaka saba, nakupigia kwenye simu ya mama yako, unapumua tu. Nikasema huyu mtoto nisimtese. Nitakuwa nambipu, siku akitaka kusema atasema."

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, katika jedwali lote la daftari la Kemia, mtu asiyetumia simu sana nilikuwa mimi. Namba msiirudishe; kola tutazifumua mimi na bibi, Jumamosi kwa Jumamosi. Kifurushi cha Kutosema nacho msikianzishe, kwa kuwa mteja wake ni mmoja tu, na anajaribu kuacha.

Jana mimi ndiye niliyempigia. Kifurushi changu kiliisha nikiwa katikati ya sentensi. Naomba bei ya kinachofuata kwa ukubwa. Jibu kwa maandishi.