Sikio la Meneja

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Mbwa wangu Meneja ana sikio linalonuka, na chanjo hajapata. Mara ya mwisho daktari wa mifugo alipomgusa, Meneja aliangusha mizani na kumkojolea viatu. Daktari akasema hamshiki tena mpaka tumzoeshe: gusa sikio, mpe kitu kitamu, acha. Kidogo kidogo, kila siku, wiki mbili. Mama mkwe, tunayeishi naye, alikuwepo, mkoba magotini, akisikiliza. Wiki mbili zinaisha Ijumaa. Sijaanza.

Mke wangu amesema Meneja asiposhikika Ijumaa, anahamia kwa kaka yake. Shemeji ana uwanja mpana na ameshanunua mnyororo. Nampenda yule mbwa. Basi, nimeshasema.

Mpango: wiki mbili nitazimaliza asubuhi moja.

Jumanne, 4 Machi

Nusu kilo ya nyama, vipande sitini. Gusa, mpe. Gusa, mpe. Kufika cha ishirini Meneja kashiba. Cha thelathini ananitazama kwa jicho la pembeni. Cha thelathini na tano akaingia chini ya kitanda. Nikamfuata. Nikakwama. Mama mkwe ndiye aliyenivuta miguu, akauliza natafuta nini huko. Nikasema kiatu.

Nyama iliyobaki nimeikaanga nikala mwenyewe. Nilichelewa kazini.

Jumatano, 5 Machi

Labda tatizo ni koti jeupe. Nimeazima la kinyozi, nikaingia nalo sebuleni kwa mwendo wa kidaktari. Meneja hakubweka. Aliinuka, akaenda kulala miguuni pa mama mkwe. Mama mkwe akasema nimependeza, baba.

Shemeji kapiga simu kuuliza Meneja anapenda kula nini. Nikamjibu: vidole.

Alhamisi, 6 Machi

Maji yamenifika shingoni. Nikajikaza kisabuni, nikamvizia akila: yeye na bakuli lake, mimi nyuma na pamba yenye dawa. Nikagusa sikio bovu. Akaniuma mkono, kisha akaogopa kuliko mimi. Sasa bakuli halisogelei. Analizunguka kwa mbali, anarudi mlangoni. Nimeona aibu, aibu ya kweli.

Mke wangu kauliza bandeji ya nini. Nikasema nilikuwa nakata kitunguu. Akauliza tangu lini.

Ijumaa, 7 Machi

Kliniki ya mifugo. Shemeji kaja na mnyororo begani. Meneja akajibanza mlangoni. Mama mkwe akaketi, akapiga goti lake mara mbili. Meneja akaenda, akaweka kidevu juu ya goti, akatulia. Daktari akasafisha sikio, akapiga chanjo. Meneja macho kwenye mkoba tu. Mkoba ukafunguliwa, kikatoka kipande cha yai la kuchemsha.

Kumbe kila alasiri, mimi nikiwa kazini, mama mkwe alifanya kama alivyosikia: gusa, mpe, acha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikumuuliza, baba, na nilionekana nina shughuli nyingi.

Shemeji karudi na mnyororo wake. Machozi yalinitoka, nikasingizia harufu ya dawa. Meneja ni wetu, ingawa sasa analala chumbani kwa mama mkwe na mimi ananipita kama mpangaji.

Kisha daktari akaona bandeji. Akauliza kama mbwa aliniuma kabla ya chanjo. Mke wangu akanigeukia taratibu sana.

Jumamosi, 8 Machi

Hospitali, ya watu safari hii. Muuguzi kanigombeza kwa kuchelewa, halafu akaanza kueleza polepole, kama anamweleza mtoto. Sindano nne za kukinga kichaa cha mbwa. Moja leo, nyingine baada ya siku tatu, nyingine baada ya wiki, ya mwisho baada ya wiki mbili. Mwili hujifunza kidogo kidogo, anasema. Siwezi kuruka hata moja.

Wiki mbili! Mtu mzima na kazi zake!

Nilisubiri mke wangu atoke kwenda kuchukua kadi. Nikamsogelea muuguzi, nikakunja mikono yote miwili ya shati, nikamwomba anichome zote nne leo, tumalizane.