Shikamoo Kwenye Mstari wa Vishale

Alhamisi, 1 Julai 2004

Baridi kali. Upepo wa mlima Hanang umeng'oa mabati mawili ya zizi. Sijali. Nina mpango!

Ligi ya vishale inaanza keshokutwa na mimi, Isidori, ndiye nahodha wa Mogitu. Bingwa anakwenda Babati, kucheza mbele ya mkoa mpya mzima. Mwaka jana tulikuwa wa nne. Timu zilikuwa nne.

Mpango ni Baba. Mzee Qamara, miaka themanini na mbili, haoni vizuri. Kila anayesimama karibu naye, Baba humwuliza ni nani na ni mtoto wa nani. Nitamweka kwenye kiti kando ya mstari wa kurushia. Hakuna mtoto wa watu atakayempa mzee mgongo na kurusha vishale kabla hajasema shikamoo na kujibu habari za nyumbani, za ng'ombe na za mahindi. Mkono utapoa. Akili ni mali!

Mke wangu Genoveva ameuliza kama nafanya hivi kwa sababu Baba hajatoka nje ya ua tangu tulipomzika Mama mwaka jana. Nimemwambia hapana. Hili ni suala la kiufundi.

Jumamosi, 3 Julai

Baba amekubali! Nilimwambia timu inahitaji mzee wa heshima. Akaomba koti lake la kanisani. Linampwaya siku hizi. Sikujua kama amekonda kiasi kile.

Tumecheza kwenye baa ya Mama Brightness. Baba kanywa chai. Jezi zetu nilizipata mnadani Katesh, mitumba safi, zina jina la kampuni ya mabomba ya huko Ulaya. Tunapendeza.

Wageni walikuwa Masieda. Kila timu ina watu wanne. Mnarusha kwa zamu, vishale vitatu vitatu, mkipunguza pointi kutoka mia tano na moja hadi sifuri, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, ile pete nyembamba ya nje. Masieda walibakiza dabo tu. Gidion wao akainua mkono. Baba akauliza, nani huyo? Gidion akashusha mkono. Shikamoo. Marahaba. Masieda ya juu au ya chini? Mvua mlipata? Aliporudi kwenye mstari alikuwa amesahau alitaka dabo ipi. Tumeshinda!

Kasoro moja. Zamu yangu ilipofika Baba akauliza, nani huyo? Nikasema ni mimi, nilishakusalimia asubuhi. Akasema ile ilikuwa ya nyumbani. Ikabidi nimwamkie tena, mbele ya watu, na kueleza hali ya ng'ombe ambao tunawafuga pamoja. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo.

Jumatatu, 5 Julai

Baba ameniuliza Jumamosi ni lini. Ameuliza asubuhi, akauliza na jioni. Viatu amevipaka rangi mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Jumamosi, 10 Julai

Balaa! Katesh wamekuja na Ayubu.

Ayubu anauza vitambaa sokoni, ana simu ya mkononi na hajawahi kukosa dabo. Nilimtegemea Baba. Baba akauliza, nani huyo? Ayubu hakusimama kama wengine. Alichuchumaa, akashika mkono wa Baba kwa mikono yake miwili. Kumbe babu yake, marehemu Abdulrahim, ndiye aliyekuwa akimwuzia Baba chumvi ya mifugo enzi hizo! Wakaongea robo saa. Ayubu akaeleza habari zake zote, mke, watoto, mpaka mama mkwe wake wa Dongobesh. Baba akacheka. Mimi sijamchekesha Baba mwaka mzima.

Kisha Ayubu akainuka, ametulia, mikono ina joto, akapiga dabo kwa kishale cha kwanza. Na Baba akapiga makofi! Nimemwuliza tukiwa njiani kama anajua yuko upande wa nani. Kasema yule kijana amelelewa vizuri. Kiti nilikibeba mimi, kwenda na kurudi.

Nina wivu. Nina miaka hamsini na moja na nina wivu.

Jumatano, 14 Julai

Dongobesh wamelalamika kabla hata ya kucheza nasi. Waoga!

Mwalimu Fransiska, mwenyekiti wa ligi, amekuja nyumbani. Kumwamkia Baba kumemchukua nusu saa. Halafu akanivuta kando. Alisema hawezi kumwambia mzee aondoke, hakulelewa hivyo, ila kamati imetunga kanuni: karibu na mstari ni wachezaji tu. Watazamaji wote nyuma ukutani. Alisema pia kwamba kwa hesabu zake za pointi, hata baada ya kufungwa na Katesh, tukiwafunga Dongobesh Jumamosi, Babati ni sisi.

Babati! Basi Baba akae nyumbani. Kutoka ukutani haoni ubao wala watu, na hakuna atakayemsalimia. Nikaenda kumwambia. Nimemkuta kitandani, koti limekunjwa magotini, analitoa uzi mmoja mmoja. Nikamwambia chai iko tayari. Chai haikuwa tayari.

Genoveva anasema nimwambie tu kwamba napenda akiwa karibu nami. Maneno ya namna hiyo mimi siyajui.

Lakini kanuni inasema wachezaji. Ha! Nimemwandikisha Baba kuwa mchezaji. Wachezaji ni wanne, kwa hiyo mmoja lazima atoke. Mwenzetu Tomaso amekataa. Wenzake wawili wamekataa. Nimejiondoa mimi. Ni mbinu.

Jumamosi, 17 Julai

Tumefungwa.

Jezi ya mabomba ilimfikia Baba magotini. Alivaa koti juu yake. Nilimshika kiwiko hadi kwenye mstari, na Dongobesh wote wanne wakasimama wakamwamkia kwa pamoja, bila kuulizwa. Kishale cha kwanza kilichoma kalenda ya Mama Brightness. Cha pili kilianguka miguuni pangu. Cha tatu kikanasa kwenye saba. Baba akauliza saba ni nyingi? Baa nzima ikasema ni nyingi sana, Mzee. Mwalimu Fransiska akaiandika kwa chaki, kubwa kuliko namba nyingine zote.

Zamu zake zilizofuata zilikuwa sifuri tupu. Tomaso hasemi nami. Wanaokwenda Babati ni Katesh.

Tulirudi polepole. Karibu na mto Baba akasimama. Alisema Marieta angecheka mpaka akae chini. Ni mara ya kwanza kutaja jina la Mama tangu msiba. Kisha akaniambia jinsi Mama alivyokuwa akirusha mawe kufukuza nyani shambani, hakosi hata moja, na kwamba timu ilimkosa yeye. Tulicheka wote wawili, tukalia wote wawili, halafu tukaendelea kutembea. Nimefurahi kuliko kwenda Babati. Naandika hivi kwa kuwa hakuna anayesoma.

Jumapili, 18 Julai

Genoveva ameniuliza baada ya misa kama sasa nimejifunza. Nimesema ndiyo. Akasema basi nikamwambie Baba yale maneno, wazi, bila ujanja. Nimesema naenda sasa hivi.

Nimekwenda. Alikuwa juani, nje ya ua. Nikakaa. Nikakohoa. Nikamwambia kuwa nimefikiri sana, na kwamba hakuna mwanamume anayeweza kuinua mkono na kulenga shabaha mbele ya mama mkwe wake. Na mama mkwe wa Ayubu, Bi Mwantumu, bado ana nguvu za kusafiri kutoka Dongobesh kuja kutazama mechi.

Baba akasema mama mkwe wa mtu haalikwi kwa barua. Lazima watu waende wenyewe, wawili, na asali mkononi.

Ligi ijayo ni mwakani. Tunaondoka Jumanne.