Samaki Mkubwa Kwenye Matete

"Samaki hana matumbo!" Kinanda alifoka, akimning'iniza kwa mkia. "Hana magamba, hana matumbo, amepasuliwa kama mkoba! Uliona wapi samaki akiogelea hivi?"

"Muuzaji aliniuliza, 'Nikusafishie?' Nikasema ndiyo," shemeji yake akajitetea. "Ndivyo ninavyojibu siku zote."

"Nilisema samaki wa kuvuliwa, si wa kukaangwa!"

"Hukusema. Ulisema niwahi."

Walikuwa ukingoni mwa bwawa la mji, mchana kweupe. Shemeji alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Tangu mashine yake iungue alikuwa akilala sebuleni kwa dada yake, miguu chini ya meza ya chakula. Kinanda, mume wa dada huyo, hakuwa fundi wa chochote ila maneno. Akifungua mdomo, hata aliyefiwa hutikisa kichwa kufuata mdundo.

Safari hii Kinanda alikuwa amepata kidude, tufe la plastiki kama limau. Unalifunga kwenye mshipi wa kuvulia, unalirusha kutoka nchi kavu, linaelea na kutuma picha kwenye simu: kina cha maji, matope, na samaki walipo. Kidude kilikuwa kizima kabisa, na hapo ndipo palipokuwa na balaa, maana kilisema kweli, na bwawa lile halikuwa na kitu ila vyura. Lakini kwenye simu mlikuwa na picha za maonyesho, za kuwafundishia wanunuzi, ambamo samaki hupita kutwa hata ukirusha tufe kwenye karai la kufulia. Kinanda angewasha hizo. Shemeji angejificha kwenye matete na kutundika samaki kwenye ndoana. Mwenye bucha mmoja wa mjini, aliyetamani kuuza na samaki, angeamini, angebadilishana pikipiki yake nyekundu na kidude, na shemeji angepata chombo cha kubebea abiria, akapange chumba chake mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyoahidiwa.

Pikipiki ikanguruma njiani.

"Ingia majini!"

"Na huyu samaki?"

"Ingia naye!"

Shemeji akazama mpaka kidevuni, samaki kifuani kama mtoto mchanga.

Mwenye bucha akashuka, tumbo likitangulia. Kinanda akarusha tufe, akafungua simu, na samaki wakapita kwa makundi kama wanaenda harusini. Kisha mwenye bucha akatupa ndoana yake penye matete, ikavutwa, naye akavuta kwa pupa. Akamgeuza samaki mara mbili.

"Kijana. Huyu ametumbuliwa."

Kwenye matete, shemeji alifumba macho.

"Pampu, mzee," Kinanda akasema bila kupepesa. "Pampu ya maji ya mji. Wakipita karibu inawatumbua."

"Inawapara na magamba?"

"Ni pampu ya kisasa."

Mtu aliyeshika kisu maisha yake yote anajua mkato wa kisu. Lakini tamaa haina macho. Mwenye bucha tayari alishaona wateja wamepanga foleni mpaka barabarani. "Yaani nitauza waliosafishwa tayari, na simlipi mtu wa kuwasafisha!" Akainyakua simu aone zaidi, na kidole chake kinene kikabonyeza pasipobonyezwa. Maonyesho yakazimika. Samaki wote wakatoweka, ukabaki ukweli: maji, matope, na pale kwenye matete kitu kimoja kikubwa.

"Mama yangu! Huyu ni sawa na ndama!"

"Huenda ni gogo, mzee."

"Gogo linajikuna?" Mwenye bucha alikimbilia pikipiki, akarudi na kamba yenye ndoano ya chuma ya kutundikia mapaja ya ng'ombe. Mkono wa pili ulishika ufunguo. "Niambie ni samaki, uchukue pikipiki sasa hivi. Ukisema ni gogo, naenda zangu."

Shemeji alisikia kila neno. Akangoja. Alimjua Kinanda kwa uongo, lakini alikuwa mume wa dada yake, mtu wanayekula naye sahani moja. Atasema gogo. Hawezi kukosa kusema gogo.

Kinanda alitazama matete. Akatazama pikipiki, jinsi ilivyong'aa.

"Ni samaki," akasema, akipokea ufunguo. "Na amenona."

Ndoano ilikuwa bado inazungushwa hewani samaki aliposimama. Majani yalimning'inia masikioni. Mwenye bucha akapiga yowe, akaketi kwenye tope na ndoano yake.

"Shemeji!" Kinanda akacheka meno nje. "Nilikuwa namchelewesha tu, wallahi, ili wewe upate..."

"Mzee," shemeji akamuuliza mwenye bucha, "mmeshabadilishana?"

"Tu-tumebadilishana."

"Basi huyu ndiye aliyekupa kidude. Maswali yote muulize yeye."

Akamchomoa Kinanda ufunguo kiganjani, akapanda pikipiki na maji yakimchuruzika, akapiga kiki, akaondoka.