Dirisha la Mwamuzi Cosmas

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Niko chumbani, mguu wa kushoto ndani ya beseni la maji ya moto la Mama Atupele, mwenye nyumba wangu. Mpira ulinigonga kwenye kifundo juzi Jumamosi. Sikulalamika. Mwamuzi halalamiki.

Nilichezesha nusu fainali ya besiboli. Mimi, Cosmas, mpima ardhi, mzaliwa wa Rombo, mwaka wa tatu sasa hapa Tukuyu. Nilichezesha kwa usahihi ambao wilaya hii haijapata kuuona. Matokeo: watu ishirini na saba walitembea bure, tukafika awamu ya nne kati ya saba, mvua ikashuka, watazamaji wakajiondokea. Watumishi, timu ya wafanyakazi wa serikali, wakapewa ushindi kwa kuwa walikuwa mbele.

Kwa faida ya atakayesoma shajara hii nitakapokuwa mtu mashuhuri, naeleza. Mrushaji anarusha mpira. Mpigaji anasimama na gongo lake kando ya kibao kilicholazwa chini. Juu ya kibao hicho, toka magotini mwa mpigaji hadi kifuani, kuna eneo lisiloonekana. Wachezaji wetu wanaliita dirisha. Mpira ukipita dirishani bila kupigwa, ni straiki. Straiki tatu, mpigaji yuko nje. Ukipita pembeni, ni boli. Boli nne, anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Nani anajua dirisha liko wapi? Mwamuzi peke yake. Ndiyo maana naupenda mchezo huu.

Waamuzi tuko wawili tu. Mwenzangu ni Mzee Asukile, mkaguzi wa majani mabichi ya chai. Dirisha lake ni mlango wa ghala! Mpira wa kifundoni, straiki. Mpira wa sikioni, straiki. Nusu fainali yake ilikwisha saa tano na nusu, watu wakawahi kula makwao. Timu ya Chai ilishinda.

Fainali ni Jumamosi hii. Mwalimu Hosea, kocha wa mkoa, anakuja toka Mbeya kuchagua wachezaji wa kwenda mashindano ya taifa Dodoma. Pamoja na mwamuzi mmoja! Mwalimu Justa, mwenyekiti wa kamati yetu, ameniambia kwa upole kwamba anamfikiria Asukile. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Bwana Cosmas, watu walikuja kuona mpira unapigwa. Wewe ulikuwa unagawa viwanja."

Siku tano. Zinamtosha mtu mwenye akili.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka na mpango. Dirisha linategemea magoti na kifua cha mpigaji, sivyo? Basi nikiwa na vipimo vya kila mchezaji, nani atabishana nami? Jioni nikaenda mazoezini na utepe wa kazini. Lakini huwezi kumpima mtu goti hivihivi. Nikasema ni vipimo vya jezi.

Kosa dogo. Walipanga foleni! Enosi, mrushaji wa Chai, anayerusha kwa nguvu za ng'ombe aliyekata kamba na kwa mwelekeo wa ng'ombe huyohuyo, akaomba jezi ya mikono mirefu kwa ajili ya baridi. Anneth, muuguzi, mrushaji wa Watumishi, akauliza rangi gani. Nikasema kijani. Sijui kwa nini. Watu ishirini na wanne sasa wanasubiri jezi za kijani. Wawili wameuliza kama zipo za watoto.

Vipimo ninavyo, lakini. Magoti ya Enosi yamepishana sentimita mbili. Nimeandika yote mawili.

Jumatano, 12 Machi

Leo mazoezi ya jicho. Nyuma ya nyumba, kati ya migomba, nimechimbia fito mbili za mianzi na kuzitia alama: goti, kifua. Anneth ametoka zamu saa tisa akaja kunisaidia. Ana mkono wa ajabu yule dada. Mpira unakwenda anapoutuma kama barua yenye anwani. Simu yake tuliiegemeza kwenye ndoo irekodi. Yeye arushe, mimi niseme straiki au boli, halafu tuangalie video.

Mama Atupele akanisikia nikimwambia Anneth kwamba bila gongo zuri timu haiendi popote. Akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akasema nyumba hii ni ya wokovu, gongo halinywewi wala halitajwi. Imechukua robo saa kumwelewesha kwamba nasema kipande cha mti.

Mirusho thelathini. Video ikasema nimekosea kumi na moja. Yote kumi na moja ilikuwa straiki, mimi nikasema boli.

Nikalaumu simu. Nikalaumu ndoo. Nikasema mianzi imepinda kwa unyevu. Anneth akakaa kwenye kigogo akafuta matope mikononi. Akaniambia, "Kaka Cosmas, macho yako mazima. Ila unaogopa kusema straiki halafu iwe siyo. Boli haimuudhi mtu papo hapo, ndiyo maana unaikimbilia."

Halafu akanieleza jambo ambalo hajamwambia mtu. Mwalimu Hosea alipata kumwona mwaka jana, akamwambia ana nafasi, aje aonekane tena kwenye fainali. Mwaka huu Anneth ana miaka ishirini na tisa. Akasema hajali mwamuzi awe nani. Anachotaka ni kujua tu dirisha liko wapi, arushe humo.

Nikamhakikishia atalijua. Ila ati naogopa! Manesi wanapenda sana kupima watu presha. Mianzi nimeing'oa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kwenye banda la kupokelea majani kumchunguza Asukile. Nia: kuthibitisha kwamba macho yake yameisha. Akanipokea vizuri, akanisalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, mwanangu," akanipa kigoda. Nikamwomba anisomee bango la mbolea lililokuwa ng'ambo ya barabara, nikasingizia vumbi. Vumbi, Machi, Tukuyu! Akasoma bango. Akasoma na maandishi madogo ya chini, yale ya kuvaa glavu. Mimi hayo sikuwa nimeyaona.

Nikamuuliza moja kwa moja: Mzee, mpira wa sikioni ni straiki kweli? Akaendelea kupekua majani ya mama mmoja, akatoa yaliyokomaa, akaacha machanga. Akasema, "Dirisha langu kubwa fijo, kubwa mno, najua. Lakini liko palepale tangu asubuhi. Enosi analijua, Anneth analijua, hata mbwa wa pale uwanjani analijua. Mtu akilijua, anapiga. La kwako, mwanangu, linahamahama."

Nikasema ndaga, asante ya kwao, nikaondoka. Wazee wanapenda mafumbo.

Njiani nikapata wazo. Asukile ni mzee wa kanisa. Kanisa lao linangoja nipime mpaka wa kiwanja chao tangu mwaka jana. Nikampigia katibu wao. Nikamwambia upimaji uko tayari kuanza, ila nahitaji muhtasari wa kikao cha wazee wote, Jumamosi asubuhi, bila kukosa. Katibu akafurahi mpaka akaniombea kwenye simu. Nilisimama nimeinamisha kichwa kando ya barabara hadi alipofika amina.

Nilijisikia vibaya kidogo. Nikala ndizi za kuchoma. Ikapita.

Ijumaa, 14 Machi

Imejibu! Mwalimu Justa amepita ofisini. Asukile ana kikao cha kanisa. Fainali nachezesha mimi. Ombi lake moja tu: tumalize kabla ya saa saba, kabla ya mvua, maana Hosea hawezi kuchagua watu waliojificha chini ya turubai. Nikaahidi.

Jioni nikapita mazoezini kimyakimya. Habari imeshafika. Watu wote wanajiandaa kwa dirisha langu. Wapigaji wa Watumishi wanafundishwa kusimama tuli na gongo begani, wangoje boli nne. Enosi anajifunza kurusha polepole ili apate katikati. Anatia huruma. Anneth analenga mahali padogo kama sahani ya chai, palepale, mara mia.

Nimekaa nikawaza. Nikitumia dirisha langu, mvua itatukuta awamu ya nne. Nikitumia la Asukile, tutamaliza saa sita na Hosea ataona mwamuzi mwepesi. Basi nitatumia la Asukile! Sitamwambia mtu. Mpango ukijulikana si mpango tena.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika taratibu.

Saa nne kamili tulianza. Jua zuri, Mlima Rungwe wote uko wazi. Mwalimu Hosea kwenye kiti cha plastiki, daftari gotini. Nikafungua mlango wa ghala. Straiki! Straiki! Wapigaji wamesimama na magongo begani kama walivyofundishwa, wanatolewa mmoja mmoja, wananitazama kama mtu aliyebadilishiwa mtihani. Enosi alipoona mipira yake ya kifundoni inakubaliwa, akasahau mazoezi ya jana, akarudi kuwa ng'ombe. Awamu mbili kwa dakika ishirini na tano. Justa akaninyooshea kidole gumba. Siku njema kuliko zote maishani mwangu.

Halafu akaja Anneth kupiga. Enosi akarusha mpira uliogusa majani. Nikasema straiki ya tatu. Anneth alinitazama, kisha akapatazama pale chini mpira ulipopita, kisha akaondoka.

Nikashindwa kuvumilia. Awamu ya tatu nikarudi kwenye dirisha langu. Enosi akatembeza watu sita mfululizo. Watumishi wakapata pointi tatu bila kupiga mpira hata mmoja! Upande wa Chai wakaanza kupiga kelele kwamba mwamuzi ana nesi wake. Nikaogopa. Awamu ya nne nikampanulia Enosi kidogo, kusawazisha. Watumishi wakapiga kelele. Nikampanulia na Anneth. Chai wakapiga kelele. Kufika awamu ya tano kila mtu alikuwa na dirisha lake, na mengine nilikuwa nimeyasahau. Nikatoa karatasi ya vipimo mfukoni. Wino ulikuwa umeloa jasho.

Watumishi tano, Chai nne. Anneth na Enosi wakanifuata pamoja. Pamoja! Enosi akasema kwa heshima zote, "Mwamuzi, hatugombi. Tuambie tu dirisha lako ni lipi leo. Lolote. Tutalicheza."

Nikaikunjua tena ile karatasi iliyoloa. Wakainama kuisoma pamoja nami, na mawingu yakashuka toka mlimani.

Ndipo akatokea Asukile, suti ya kanisani, buti za mvua. Kikao kilikwisha mapema. Alikuwa mwenyekiti, akamaliza agenda zote kwa nusu saa. Justa akaja akanishika bega, akauliza kama kifundo changu bado kinauma. Nikasema kinauma sana. Nikampa Asukile barakoa.

Awamu mbili zilizobaki zilipita kwa manyunyu. Sikupenda nilichokiona, lakini nakiandika. Magongo yalishuka mabegani. Watu wakapiga! Wakakimbia, wakateleza, wakacheka. Chai wakasawazisha, Watumishi wakaongeza moja. Na Anneth, aliyekuwa amelenga sahani ya chai jioni nzima ya jana, akaanza kurusha pembeni kabisa, mmoja sikioni, mmoja kifundoni, kila kona ya ule mlango wa ghala. Wa mwisho kupiga alikuwa Enosi. Mpira ukaja usawa wa sikio. Enosi alijua kwa Asukile ni straiki, akapiga kwa nguvu zake zote, akakata hewa, akaanguka chali kwenye matope. Akanyanyuka akaenda kumpa Anneth mkono.

Sita kwa tano. Mvua kubwa ikaanza wakati wanapigana picha.

Mwalimu Hosea akatangaza chini ya turubai. Enosi, akiba. Anneth, Dodoma, wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu, alisema, amerusha kwa waamuzi watano leo na wote amewaelewa. Watu wakacheka. Mimi nilihesabu wawili tu. Mwamuzi wa kwenda: Asukile.

Anneth alikuja kuniaga. Alikuwa amelia. Akasema, "Asante kwa ile Jumatano, kaka." Nikasema si kitu. Nilitaka kuongeza neno, mvua ikawa kubwa mno kwenye turubai.

Alhamisi, 20 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa uwanja. Kibao kilikaa vibaya, kivuli cha mikaratusi kinanichanganya.

Na mambo yamenyooka! Mwalimu Justa amenipa kazi rasmi ya kupima uwanja mpya wa besiboli, upande wa Nkunga. Jana na leo nimekuwa huko na vifaa vyangu. Nimefanya jambo la kitaalamu. Kibao nimekielekeza mashariki kabisa. Saa nne asubuhi, jua likiwepo, mwamuzi yeyote atakayesimama hapo ataliona jua na hataona kingine. Asukile akirudi toka Dodoma na sifa zake, tutaona dirisha litakaa palepale au halitakaa! Alama zote nimezimwagia zege. Haling'oki hilo.

Anneth, aliyepita akielekea kliniki ya kijiji, aliuliza kama jua halitawapiga na wapigaji na wadakaji. Nikamwambia asijitie kwenye mambo ya upimaji.

Saa kumi Justa amenipigia simu. Asukile anaondoka Jumatatu, ufunguzi wa uwanja ni Jumamosi inayofuata, na mchezeshaji hana mwingine. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Nimemwomba Mama Atupele aniazime kofia yake ya shambani.