Mume wa Njuga

Jumatatu, 9 Juni 2025
Anneth mkamwana wangu, andika ninavyosema, usinirekebishe. Baridi imeunguza majani ya viazi... acha, sicho nilichokuitia. Jumamosi fundi Hezekia anaandika msalaba wa saruji wa marehemu mume wangu, Stanley. Nataka chini ya jina lake aweke: mume wa Njuga. Ndivyo alivyoniita miaka arobaini na moja. Tangu tumzike Februari, hakuna aliyeniita hivyo. Wifi yangu Oktavia kakataa. Kasema njuga ni kikengele cha mbwa wa kuwindia, kaka yake alimaanisha nina kelele. Mbele ya jumuiya nzima. Kichwa kimeniuma.

Jumatano, 11 Juni
Makambako, kwa Bibie muuza kanga. Mtu wa Tanga, Kiswahili ni cha kwao. Nimempelekea viazi ili jibu liwe zuri. Kasema kwao njuga wanavaa wacheza ngoma miguuni, zikilia watu wanageuka. Kumbe ndiyo mimi. Nikamuuliza, neno limetoka wapi? Hajui, labda kwenye njugu, maana ndani kuna kama punje inachezacheza. Alikuwa anacheka. Mimi nimelishika.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemwambia Oktavia nilikuwa mcheza ngoma. Kauliza ngoma gani, na baba yangu mzee wa kanisa? Nikasema kwa siri. Kasema haya wifi, cheza tuone. Nimecheza. Goti likalia ko! Kasema njuga yenyewe ndiyo hiyo. Halafu akamkumbuka kaka yake, akalia, na mimi nikalia. Kaniambia basi, andika unavyotaka.

Jumamosi, 14 Juni
Nimemweleza Hezekia neno lote: asili ya njuga ni njugu, mzizi wake njugu. Kauliza, mama, niandike lipi, saruji inakauka. Nikamwambia si nimeshakueleza, andika hilohilo. Kusoma sijui. Herufi nimeziona nzuri, zimenyooka.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya ibada tumekwenda makaburini wote. Oktavia kasoma kwa sauti: Hapa amelala Stanley, mume wa Njugu. Watu wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Hezekia kasema kubomoa ni kumsumbua marehemu. Nimewaambia ndivyo nilivyotaka, njugu ni heshima kubwa zaidi, hawajui tu asili yake. Wameuliza asili ipi. Nimesema Jumapili ijayo nitawaeleza. Anneth, una mtu unayemjua Manda, kule Ziwa Nyasa? Watu wa ziwani wanalima njugu, hawawezi kukosa maana yake nzuri.