Kamati ya Vifaa vya Akiba

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, yaani mke wangu na shemeji, kwamba Kamati Kuu ya Vifaa vya Akiba imeundwa, makao yake makuu ni gereji yetu, na mwenyekiti ni mimi. Ndege nimeiunda kwa mikono yangu. Ina kiti kimoja, na skrini ya umeme inayomwonyesha rubani mwendo, kimo, na kama mbawa zimenyooka. Umeme ukikatika akiwa ndani ya wingu, kwisha habari yake.

Shemeji, fundi redio, alipendekeza skrini ndogo ya akiba yenye betri yake. Mimi nilitaka geji za mishale za zamani, zisizohitaji umeme. Tulivutana mpaka chai ikapoa.

"Binafsi sihitaji hata kimoja," nikahitimisha. "Hivi ni vya kuwaridhisha wakaguzi. Mwili wangu wenyewe unajua umeinama au uko wima."

"Haya, tukupime," akasema mke wangu.

Akanifunga kitambaa machoni, akanikalisha kwenye kiti cha kuzunguka cha mwenyekiti. Shemeji akakizungusha.

"Naelekea kulia," nikatoa taarifa. "Sasa napunguza mwendo. Sasa nageuka kushoto, tena kwa kasi!"

Nikangoja pongezi.

"Jamani, mbona hamsemi?"

"Shemeji, kiti kimesimama kitambo," akajibu fundi redio.

Nilisimama kupinga, nikaangukia meza ya Kamati. Tukio hilo lilirekodiwa kama mapumziko.

Ikawa zamu ya mke wangu. Alizungushwa mpaka nikamwonea huruma.

"Unaelekea wapi?" nikafoka.

"Sijui. Nitoeni kitambaa nisome geji."

Kura ikapigwa. Geji zilipita. Mwenyekiti hakupita. Atakayerusha ndege mara ya kwanza ni mke wangu, niliyesomea urubani pamoja naye, na ambaye alipata leseni kabla yangu, jambo ambalo Kamati haikuwahi kuona haja ya kulijadili.

"Lakini mke wangu, miaka yote hii nimeijenga nipae mimi!"

"Najua. Utakuwa rubani wa akiba."

"Nikae wapi?"

Alikitazama kile kiti kimoja. "Chini, mume wangu."

Jumamosi asubuhi alipaa. Nilisimama kwenye nyasi nikiwa nimeshika redio na wivu wangu. Ndege yangu ikanyooka angani, nzuri ajabu, na machozi yakanitoka kabla sijayaidhinisha.